Vichwa vya Milima na Waliolala Njiani

Ukipita lango la Makumbusho ya Reli ya Nairobi, mwendo mfupi kutoka stesheni kuu ya zamani, utakuta nje juani mtambo wa rangi ya damu ya mzee ambao jicho haliwezi kuuchukua wote kwa mara moja. Urefu wake ni mita 31 na ushei. Uzito wake, ukishajazwa maji na mafuta ya safari, ulikuwa tani 252. Una magurudumu 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yaliyokuwa yakivuta. Ubavuni pana kibao chenye herufi zilizoinuka: MOUNT GELAI. Namba yake ni 5918.

Gelai ni mlima wa Tanzania, kusini-mashariki mwa Ziwa Natron. Jirani yake pale makumbusho ni namba 5930, Mount Shengena, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Milima miwili ya Tanzania imeegeshwa Nairobi, kwa sababu siku vichwa hivi vya treni vilipotoka kiwandani Manchester, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la reli. Leo kila nchi ina lake, lakini vibao havikubadilishwa.

Mimi huanzia hapo kila ninapokwenda. Naweka kiganja kwenye chuma, nazunguka hadi mwisho, kisha naingia ndani kwenye picha, taa za mkono na vyombo vya mezani vya mabehewa ya daraja la kwanza. Na kila mara natoka na jambo lilelile moyoni: katika nyumba hii mashine zina majina, na watu wana jumla.

Tarehe 20 Desemba 2026 reli ya Mombasa inatimiza miaka 125 tangu ifike Ziwa Victoria. Ni umri wa kusherehekewa, nami nashangilia pamoja na kila aliyewahi kulala kwenye behewa lake akaamkia harufu ya bahari. Lakini nataka kuisimulia historia hii kwa kuweka vichwa na ajali mahali pamoja, kwa kuwa havitengani. Mlima uleule uliodai kichwa kikubwa ndio uliowaangusha watu wakati wa kuteremka. Maji yaleyale yaliyokosekana kwenye nyika ya Taru, boila zikakaribia kukauka, ndiyo yaliyokuja kubomoa daraja usiku.

Reli hii ilitanguliwa na nyingine ambayo wachache wanaikumbuka. Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani, Imperial British East Africa, ilitandika maili chache za njia nyembamba kutoka Mombasa kwa sherehe kubwa, ikaishiwa na nguvu. Vyuma vyake viling'olewa, vikatandikwa mitaani Mombasa, vikawa njia ya vitoroli vilivyosukumwa na watu, mabwana wameketi chini ya kivuli cha turubai.

Reli yenyewe ilikuja na serikali. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alifika Mombasa Desemba 1895, na chuma cha kwanza kikalazwa 30 Mei 1896. Upana wa njia ulichaguliwa kuwa mita moja, sawa na reli nyingi za India, ili mabehewa, vichwa, mataruma na mafundi viweze kuvushwa bahari kutoka huko. Uamuzi huo wa mezani ndio ulioamua nani atakufa Tsavo, na pia nani atafungua duka Nairobi, Kisumu na Kampala, kwa maana pamoja na vyuma walikuja watu. Hesabu za ujenzi zinataja wafanyakazi 31,983 walioletwa kutoka India. Kati yao 16,312 walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wengine 6,454 walirudishwa kwa ugonjwa au ulemavu. Waliobaki Afrika Mashariki ni 6,724. Waliokufa ni 2,493.

Njia ilikuwa na urefu wa maili 582, kama kilomita 936. Gawanya mwenyewe: zaidi ya watu wanne kwa kila maili. Nimewahi kuisafiri njia hii nikihesabu mawe ya maili dirishani, na hesabu hiyo ikanifanya niache kuhesabu. Na hao ni Wahindi tu. Kwa Waswahili, Wataita, Wakamba na wengine waliobeba udongo, kufyeka vichaka na kuchota maji, hakuna jumla kama hiyo.

Kila mtu anawajua simba wa Tsavo. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1898, simba dume wawili wasio na manyoya ya shingo waliingia kwenye mahema usiku na kuwatoa watu, hadi kazi ya kujenga daraja la pale ikasimama na mamia ya wafanyakazi wakakimbilia pwani. John Henry Patterson, aliyesimamia daraja, alimuua wa kwanza 9 Desemba na wa pili 29 Desemba. Aliandika kwamba Wahindi waliouawa ni 28, na akakiri kwamba Waafrika waliouawa hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Baadaye ngozi za simba hao ziliuzwa kwa makumbusho ya Field, Chicago, zikajazwa na kusimamishwa, na zingali huko. Wataalamu wamewachunguza meno, mifupa na manyoya, na mwaka 2009 wakakadiria kwamba wote wawili walikula watu kama 35. Chakula cha simba kimepimwa mpaka kwenye unywele, ilhali vibarua wa bara waliolala kwenye hema zilezile hakuna aliyewahi kukaa chini akawahesabu.

Simba waliipatia reli umaarufu, lakini kilichowasumbua wajenzi zaidi ni maji. Kutoka Mazeras hadi Voi kuna nyika ya Taru, kavu, ya miiba, bila mto wa kudumu. Kichwa cha mvuke kinakunywa kuliko ngamia. Maji yalibebwa na treni kutoka nyuma kuja mbele, na sehemu ya maji hayo ikanywewa na kichwa kilichoyabeba kabla hayajafika kwa watu. Kisha mvua zikija, ardhi ileile iliyokauka kama kigae hainywi; maji yanakimbia juu yake, yanakusanyika kwenye makorongo, yanabeba tuta. Tabia hii ya nyika haijabadilika hata leo.

Simba nao hawakuishia Tsavo. Kima ni stesheni ndogo baada ya Sultan Hamud ukielekea Nairobi. Mwezi Juni 1900 palikuwa na simba aliyewawinda wafanyakazi wa stesheni. Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, aliamua kulala pale amvizie. Behewa lake, namba 12, lilivutwa likaegeshwa kwenye njia ya pembeni, na kwa kuwa tuta la pale halikuwa limekaa sawa, behewa likainama upande mmoja. Walikuwa watatu: Ryall, Mjerumani aitwaye Huebner na Mwitaliano aitwaye Parenti. Ryall alishika zamu na bunduki yake. Usiku ukawa mrefu, akasinzia.

Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma. Alipopanda, uzito wake ulizidisha kule kuinama, na mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake. Akawa ndani ya chumba kisichozidi chumba cha mahabusu pamoja na watu watatu. Parenti alikuwa amelala sakafuni, simba akasimama juu yake. Alimkamata Ryall. Huebner, aliyekuwa kitanda cha juu, hakuwa na njia ya kutokea ila kurukia mgongo wa mnyama na kuusukuma mlango wa chumba cha watumishi, nao wakiwa wameushikilia kwa nguvu zao zote upande wa pili. Kisha simba akavunja dirisha akatoka na Ryall.

Behewa hilo liko makumbusho. Ukisimama mlangoni ndipo unaelewa udogo wake, na ndipo unaelewa kwamba kisa hiki ni ajali ya reli kama ajali nyingine yoyote. Tuta lisilokaa sawa na mlango usio na kizuizi, vitu viwili vidogo, vilikutana usiku mmoja na mtu aliyechoka. Kila kamati iliyowahi kuchunguza ajali ya treni popote hukutana na watatu hao: njia, chombo na uchovu.

Ryall amebaki na jina lake na behewa lake. Wafanyakazi wa stesheni waliouawa na simba yuleyule kabla yake, wale ambao vifo vyao ndivyo vilivyomleta Kima, hawana kibao.

Baada ya Nairobi, ambako chuma kilifika 30 Mei 1899, njia ilikutana na ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo ardhi inaanguka ghafla kiasi kwamba ukiwa Limuru unaona mashamba ya chini kama mkeka uliotandikwa. Mahandaki na madaraja ya kuteremsha njia ya kudumu yangechukua muda, na reli ilikuwa na haraka. Wajenzi wakatengeneza miteremko ya muda yenye kamba za chuma na magurudumu makubwa ya kuzungushia. Behewa lilipandishwa juu ya jukwaa lenye magurudumu, likafungwa, likashushwa ukingoni kwa kamba huku jingine likipanda upande wa pili kwa uzito wa hilo linaloshuka. Mwaka 1900 na 1901 vyuma, mataruma, chakula na hata vichwa vilipita hapo vikining'inia. Hakuna mahali pengine katika historia ya reli hii ninapoyaona matumaini ya wahandisi wazi kama hapo, yakiwa yamefungwa kwenye kamba moja.

Madaraja 27 marefu ya chuma ng'ambo ya bonde, kwenye milima ya Mau, yalijengwa na kampuni ya Kimarekani, American Bridge, na Marekani ilikuwa tayari imeleta vichwa kutoka kiwanda cha Baldwin, Philadelphia. Waingereza wengi hawakupendezwa na habari hiyo. Tarehe 20 Desemba 1901, ufukoni Kisumu, Florence Preston, mke wa msimamizi wa kulaza chuma, alipigilia msumari wa mwisho, na mahali pale pakaitwa Port Florence kwa muda. Gharama zilikuwa zimefika kiasi cha pauni milioni tano na nusu.

Vichwa vya mwanzo vilikuwa vidogo, vingine vimeshatumika India. Vilichoma kuni. Sehemu kubwa ya msitu wa kando ya reli iliingia tanurini, na mikaratusi mingi unayoiona hadi leo katika nyanda za juu ilipandwa ili boila zisikose moto. Fayamani wa siku zile alikuwa mtu wa mgongo. Alisimama kwenye bati linalotikisika, uso unaungua na mgongo unapigwa na baridi ya Mau, akatupa gogo, akafunga mlango wa tanuri kwa mguu, akatazama kioo cha maji. Kioo hicho, kijibomba chembamba kilichosimama mbele ya dreva, ndicho kilichokuwa uhai wao wote wawili. Maji yakishuka chini ya dari ya tanuri, chuma kinalainika, na boila inapasuka. Kwa hiyo kwenye nyika isiyo na mito, watu wawili walisafiri usiku kucha wakiangalia kidole kimoja cha maji.

Vita Kuu vya Kwanza vilipokuja, mpaka wa koloni la Wajerumani ulikuwa karibu mno na njia. Mwaka 1915 vikundi vidogo vya askari kutoka upande wa Kilimanjaro vilivuka nyika kwa miguu, kwa kiu kali, vikafukia baruti chini ya vyuma kati ya Voi na Makindu. Reli ikajibu kwa kusukuma behewa mbele ya kichwa, ili mlipuko ulipasue hilo kwanza. Fikiria kuendesha hivyo usiku, behewa tupu mbele yako likiwa ndilo linalokutangulia kifoni.

Baada ya vita njia ilirefuka. Ilipanda kutoka Nakuru kupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ikafika Eldoret mwaka 1924, na mwaka 1931 ikavuka Mto Nile pale Jinja na kuingia Kampala. Jina nalo lilibadilika, likawa Reli za Kenya na Uganda. Mizigo ya pamba na kahawa iliongezeka kuliko vichwa. Jibu lilikuja mwaka 1926, na liliitwa Garratt.

Garratt ni wazo la busara kubwa, na mtu akilielewa anaipenda mashine hii maisha yake yote. Kichwa cha kawaida kinabeba boila juu ya magurudumu yake. Ukitaka nguvu zaidi unahitaji boila nene, na boila nene inataka magurudumu mazito, na magurudumu mazito yanavunja chuma chembamba na kugoma kwenye kona. Garratt iliikata shida hiyo katikati. Weka injini mbili, kila moja na magurudumu yake, mbele na nyuma. Juu ya ile ya mbele weka tangi la maji. Juu ya ile ya nyuma weka mafuta na maji mengine. Katikati, ikining'inia kama machela kati ya wabebaji wawili, weka boila, chini yake hakuna gurudumu. Sasa boila inaweza kunenepa upendavyo, na kwenye kona mtambo mzima unajikunja kama jongoo.

Tarehe 1 Mei 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na ya Tanganyika, zikawa East African Railways and Harbours. Bandari ya Mombasa ilikuwa imejaa mizigo isiyo na wa kuibeba. Ndipo vikaagizwa vichwa vya daraja la 59 kutoka kwa Beyer, Peacock wa Manchester, 34 kwa jumla, vilivyoanza kufika mwaka 1955. Hakuna kichwa cha mvuke cha njia ya mita moja kilichowahi kuvizidi nguvu duniani. Boila ya kila kimoja ni nene zaidi ya mara mbili ya upana wa njia inayopita. Kilikuwa kikivuta tani 1,200 kutoka bandarini hadi Nairobi, kilomita 530, kikipanda mita moja kwa kila 66 pale palipo pakali.

Vilipewa majina ya milima: Mount Kenya, Ruwenzori, Gelai, Shengena, Menengai. Daraja la 60, dogo kidogo, lilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Uhuru ulipokuja majina hayo yaling'olewa, na ilistahili. Madaraja ya 29 na 31 yalipewa majina ya makabila ya nchi hizi. Milima haikumwudhi mtu, ikabaki.

Kazi kwenye kichwa cha 59 ilikuwa na heshima yake. Timu mbili zilipanda pamoja, moja kazini, nyingine imelala kwenye behewa la nyuma yao, wakibadilishana zamu hadi mwisho wa safari. Madreva wengi wa miaka hiyo walikuwa Masingasinga, na walikitunza kichwa kama kitu cha nyumbani: shaba zimesuguliwa, mbele pamepakwa rangi upya. Waafrika walichochea, walisafisha, walitembea na gengi la kutunza njia, na kwa miaka mingi walizuiliwa kushika usukani, kwa kuwa mishahara na vyeo vilipangwa kwa rangi katika ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli walikuwa mstari wa mbele katika mgomo mkuu wa Mombasa. Huwezi kuadhimisha shirika hili ukaruka jambo hilo, maana ujuzi wa fayamani aliyekijua kichwa kuliko bwana wake ulipotea bila kupandishwa cheo.

Kupanda kunaonekana na kunasikika. Kila anayekumbuka mvuke atakuigizia mlio wake kwenye mlima wa Mazeras. Kuteremka ni kazi ya kimya na ndiyo ya hatari. Tani mia kadhaa zikianza kusukuma kutoka nyuma, dreva hana nguvu ya kuzizuia kwa kichwa peke yake. Anategemea breki za kila behewa, bomba linalounganisha moja na jingine, na mtu aliyezikagua kabla ya kuondoka. Bomba moja likiziba, behewa kumi zinakuwa abiria kama wewe. Njia nayo ni moja: ya kwenda ndiyo ya kurudi. Treni hupishana stesheni, na dreva haruhusiwi kuingia kipande cha mbele bila kukabidhiwa kibali cha kipande hicho mkononi. Na mbele ya hayo yote kuna mtu wa gengi, mwenye nyundo na spana, anayetembea kipande chake kwa miguu kutazama boliti, mataruma na vidaraja. Mvua ikinyesha, macho yake ndiyo breki ya kwanza.

Vichwa vya mvuke vilistaafu mwaka 1980, vikaacha njia kwa dizeli. Shirika la pamoja lilikuwa limeshavunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Lakini tuta, mito na miteremko havikustaafu.

Kati ya Mtito Andei na Kibwezi kuna mto wa msimu uitwao Ngai Ndethya. Kwa Kikamba maana yake ni "Mungu, nisaidie". Usiku wa kuamkia 30 Januari 1993, baada ya mvua kubwa, treni ya abiria ya Mombasa na Nairobi ilifika kwenye daraja la mto huo, na daraja lilikuwa limebomolewa na maji. Kichwa na mabehewa vikatumbukia kwenye mafuriko gizani. Waliokufa walizidi 100, wengine walisombwa mbali. Zaidi ya miaka 90 ilikuwa imepita tangu vibarua wapite pale na mataruma mabegani, na korongo lilikuwa bado linafanya kama lilivyofanya siku zao: kavu miezi mingi, kisha usiku mmoja linakuja lote. Sijui jina lolote la mto linaloniuma kama hilo. Wenyeji waliuelewa vizuri kuliko ramani.

Machi 1999 treni kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ikiwa kwenye safari ya kuteremka, iliacha njia karibu na Tsavo, watu 32 wakafa. Stesheni moja ya pale bado ina jina la Kiingereza la simba wala watu.

Na kwenye reli dada, ile ya kati ya Tanzania, iliyokuwa shirika moja na hii hadi 1977, ilitokea ajali kubwa kuliko zote hizi. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, mkoa wa Dodoma, treni iliyojaa abiria zaidi ya 1,000 ilianza kurudi nyuma kwenye mteremko, ikashika kasi, ikagonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Waliokuwamo walisikia treni yao ikienda upande usio wake, muda mrefu, kabla ya mwisho kufika. Hapo mlima ulifanya ulichokuwa ukitishia kufanya tangu siku ya kamba za Bonde la Ufa.

Abiria wa Mombasa sasa wanasafiri kwa njia mpya pana iliyozinduliwa 31 Mei 2017, saa tano badala ya usiku kucha. Njia ya zamani imeachiwa zaidi mizigo na nyasi. Mtu akiniuliza makumbusho yafanye nini kwa miaka hii 125, nitamjibu bila kufikiri: kandokando ya Gelai na Shengena, kisimamishwe kibao kingine chenye herufi zilizoinuka za aina ileile. Kiandikwe 2,493. Kiandikwe pia kwamba wengine hawakuhesabiwa. Kisha yaje majina tunayoweza kuyapata, ya madreva, mafayamani, watu wa gengi na abiria wa Ngai Ndethya, kwa kuwa hao wa karibuni bado wana jamaa wanaowakumbuka, na muda wa kuwauliza haujapita.

Kuna mahali pamoja kwenye njia hii ambapo kumbukumbu haikungoja kibao. Makindu ilikuwa stesheni ya kujaza maji na kubadilisha vichwa, na Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao pale, mwaka 1926. Desturi yao ni kwamba msafiri yeyote, wa dini yoyote, akiingia analishwa bila kulipa. Nimeingia mara kadhaa, mchana wa jua la Ukambani, nikiwa nimetoka barabara kuu na vumbi lake. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unaketi. Mzee mmoja anapita na ndoo ya dengu, mwingine na chapati, wa tatu anauliza tu kama unaongeza. Chai huja ikiwa imeshatiwa maziwa na tangawizi. Siku ile ya mwisho niliyopita, meza yetu ilikuwa na dereva wa lori la Kampala, mama aliyekuwa akipeleka mtoto hospitali, na vijana wawili wa kuuza asali. Hakuna aliyeuliza mwenzake ametoka wapi. Nje, ng'ambo ya ua, treni ya mizigo ilipiga honi, na mzee wa dengu akasimama na ndoo yake mkononi mpaka behewa la mwisho lilipopita.